Farasi hafundishwi kwa kuvutwa kinywa

Kila michezo ya Olimpiki inapofika, wengi wetu hukaa mbele ya televisheni kungojea mbio za meta 5,000, za meta 10,000 na marathoni. Kabla wakimbiaji wetu hawajaingia uwanjani huonyeshwa mambo mengine, na mojawapo ni mchezo ule ambao mtu aliyevaa koti refu na glavu nyeupe amempanda farasi. Farasi anakwenda kiupandeupande, anageuka, anapunguza mwendo, anauongeza, anainua miguu kama anayecheza ngoma. Hakuna kiunzi cha kurukwa wala utepe wa kukatwa. Hapo watu sebuleni huanza kuulizana: Yule anafanya nini hasa? Na hizo pointi zinatolewa kwa kitu gani?

Swali hilo ni la haki, nami wiki hii nimeona nilijibu. Mchezo wenyewe huitwa dresaji, neno lililotoka katika Kifaransa na maana yake ni mafunzo tu, basi. Waamuzi hutazama matunda ya mazoezi ya miaka mingi yenye shabaha mbili kubwa. Kwanza, farasi awe na mwili mnyumbufu, usiokakamaa. Pili, aweze kutoka katika mwendo mmoja na kuingia mwingine bila kushtuka, bila kujikwaa na bila kuburutwa. Madoido mengine yote yamejengwa juu ya hayo mawili. Lakini humo ndani mna ugomvi mzito, kwani iko njia ndefu ya kufika huko na iko njia ya mkato, na anayelipa gharama ya njia ya mkato si mpandaji bali ni mnyama.

Tuanze na miendo yenyewe. Kiswahili hakikukosa maneno hapa, kwa sababu watu wa pwani wameishi na punda tangu zamani. Mnyama akienda haraka kwa kudundadunda husemwa anakwenda matiti, na akitimua mbio husemwa anapiga shoti. (Msomaji wa mjini asicheke, neno hilo la kwanza limo katika kamusi.) Farasi akitembea hatua za kawaida, kwato zake nne hugusa ardhi moja baada ya nyingine, nawe utasikia midundo minne iliyo sawa. Akienda matiti, miguu hufuatana kwa jozi za mshazari: wa mbele kulia pamoja na wa nyuma kushoto, halafu jozi ya pili, na baina yake huwa kuna nukta ndogo ambapo miguu yote minne iko hewani. Hiyo ni midundo miwili. Shoti ndogo ina midundo mitatu na kimya kifupi. Shoti kamili, ile ya farasi wa mashindano katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi, haina nafasi katika dresaji. Sisi watu wa redio tungependa mchezo huu zaidi kama waandaaji wangeweka maikrofoni karibu na kwato, maana ukifumba macho unaweza kumjua farasi aliyefundishwa vizuri kwa sikio tu. Midundo yake haivurugiki anapobadilisha mwendo.

Kwa nini basi ivurugike? Jibu liko katika maumbile. Farasi aliyesimama bila mtu mgongoni hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, kwa kuwa kichwa na shingo ndefu viko huko. Mpandishe mtu wa kilo 70, naye huketi nyuma kidogo tu ya mabega, na mzigo wa mbele unazidi. Tena farasi hana mfupa wa mtulinga kama tulio nao sisi. Kifua chake kimening'inizwa kati ya miguu ya mbele kwa misuli na kano, mfano wa machela iliyoshikwa na watu wawili. Wachukuzi wakichoka, machela inashuka. Farasi asiyefundishwa hutembea hivyo hivyo, mwili umezama mbele, miguu ya nyuma inasukuma kutoka mbali, na mpandaji anahisi kama yuko kwenye mkokoteni unaoteremka mlima.

Zaidi ya hayo, kama vile mtu alivyo wa mkono wa kulia au wa kushoto, farasi naye huzaliwa na upande wake. Upande mmoja hujikunja kwa urahisi kupita kiasi. Upande wa pili huwa kama ubao. Mazoezi yote nitakayoyataja yana nia moja, nayo ni kuishawishi miguu ya nyuma iingie zaidi chini ya tumbo na kubeba, badala ya kusukuma tu, na kuifanya pande zote mbili ziwe sawa au karibu sawa.

Zoezi la kwanza ni duara. Uwanja wa dresaji wa Olimpiki una upana wa meta 20 na urefu wa meta 60, na duara la mwanzo hutumia upana wote huo. Mtu asiyejua atadhani kuzunguka ni kitu cha mtoto. Kumbe katika duara mguu wa nyuma wa ndani unalazimika kupiga hatua kuelekea chini ya tumbo, na mbavu za upande wa ndani zinatakiwa zilegee. Farasi mkavu hukwepa kazi hiyo kwa werevu wa ajabu. Mara huangusha bega ndani kama pikipiki inayokata kona. Mara hutupa matako nje. Mara hugeuza shingo peke yake na kuuacha mwili umenyooka.

Ujanja huu wa mwisho ndio unaowadanganya wapandaji wengi. Shingo ya farasi ina pingili 7 na hupinda mno. Mgongo wake una pingili 18 zilizoshikamana na mbavu, kisha 6 za kiuno, na hizo hupinda kwa upande kidogo sana. Kwa hiyo ukivuta hatamu ya ndani, utaona shingo imegeuka na utadhani umempinda farasi, kumbe umempinda shingo tu. Mkufunzi mzuri atakuambia uache kuvuta, utumie shavu la mguu wako wa ndani karibu na ukanda wa tandiko, uuweke mguu wa nje nyuma kidogo kuzuia matako yasitoke, na vidole vya mkono wa ndani viombe kisha viachie. Neno kuachia ndilo gumu kuliko yote. Mkono wa binadamu umezoea kushika.

Duara likishakubali, linapunguzwa taratibu kutoka meta 20 hadi meta 12 au 10, kisha mpandaji anamsukuma farasi kwa mguu wa ndani arudi nje kidogo kidogo huku akiendelea kuzunguka. Wanafunzi hupenda kuingia ndani kwa sababu kunaonekana kugumu. Dawa iko katika kutoka, kwani hapo ndipo mguu wa nyuma wa ndani unapovuka na kubeba. Baada ya dakika chache upande unabadilishwa, kwa umbo la nambari nane au kwa mistari ya kupindapinda kama njia ya nyoka. Kumzungusha farasi mchanga robo saa nzima upande ule ule ni kumwadhibu, na misuli iliyochoka haijifunzi kitu.

Duara, hata hivyo, lina mpaka wake. Zoezi lililobadilisha kazi hii lina jina la Mfaransa mmoja, François Robichon de la Guérinière, aliyekuwa na shule ya kupanda farasi mjini Paris na ambaye kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1733. Kabla yake mtawala mdogo wa Kiingereza, William Cavendish wa Newcastle, alikuwa amewafanyia farasi wake zoezi la kuleta bega ndani, lakini katika duara. Guérinière alilichukua akaliweka katika mstari ulionyooka kando ya ukuta. Farasi anakwenda mbele, lakini mabega yake yameletwa ndani kidogo, hata ukisimama mbele yake unaona mistari mitatu ya miguu badala ya miwili: mguu wa mbele wa ndani peke yake, wa mbele wa nje ukiwa mbele ya wa nyuma wa ndani, na wa nyuma wa nje peke yake. Pembe yenyewe ni kama nyuzi 30. Zaidi ya hapo farasi anaanza kujikwaa na miguu yake mwenyewe.

Zoezi hili moja hulegeza mabega, hukunja nyonga na kumzoeza farasi kuelewa mguu wa mpandaji. Kwa maoni yangu, kama mtu angeruhusiwa kubaki na zoezi moja tu baada ya duara, angechukua hili na asijute.

Pahali ambapo mafunzo ya Guérinière yamehifadhiwa kwa wivu mkubwa ni Vienna, mji mkuu wa Austria, katika Shule ya Kihispania ya Upandaji Farasi. Iliitwa ya Kihispania kwa sababu ya asili ya farasi wake. Ukumbi wake mweupe wenye nguzo na taa kubwa za kuning'inia ulimalizika mwaka 1735, na wapandaji wanapoingia humo huvua kofia mbele ya picha ya Kaisari Karl wa Sita aliyeujenga. Farasi wa hapo ni madume wa aina ya Lipizzaner, ambao huzaliwa weusi au kahawia na kugeuka weupe kadiri miaka inavyopita. Mwaka 2015 UNESCO iliyaingiza mafunzo ya shule hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wanawake, kwa upande wao, walilazimika kungoja hadi mwaka 2008 kukubaliwa kuanza mafunzo ya upandaji, na hapo urithi ule haukuwa na la kujivunia.

Ninaitaja Vienna kwa sababu ya muda. Farasi huanza kazi akiwa na umri wa miaka minne hivi, na kumfikisha daraja la juu huchukua miaka kama sita. Mwanafunzi wa upandaji naye huanza bila hatamu na bila vikuku vya kutia miguu, farasi akizungushwa kwa kamba ndefu na mkufunzi aliyesimama katikati. Maana yake ni kwamba hakabidhiwi kinywa cha farasi mpaka ajue kuketi. Hebu linganisha na shule zetu za udereva.

Na udereva ndio unaonileta kwenye shabaha ya pili, yaani kubadilisha mwendo. Msomaji amewahi kusimama ndani ya daladala au matatu iliyojaa. Dereva akikanyaga breki ghafla, abiria wote wanamiminika mbele. Akiondoa gari kwa pupa, wote wanaanguka nyuma. Yuko pia dereva mmoja kati ya kumi ambaye hupunguza mwendo kabla ya tuta bila mtu kuamka usingizini. Farasi ni vivyo hivyo, isipokuwa hapa gari na abiria ni mwili mmoja. Akitolewa katika matiti na kuingizwa katika hatua za kawaida kwa kuvutwa hatamu, uzito wote unamwagika juu ya mabega, kichwa kinarushwa juu, mgongo unabonyea, na hatua tatu nne za mwanzo zinakuwa za kujikokota. Akitolewa kwa miguu yake ya nyuma, anashuka kama mtu anayeketi kitini, na hatua ya kwanza ya mwendo mpya inakuwa safi kama ya kumi.

Jinsi ya kulifikia jambo hili si siri. Katika duara la meta 20, farasi huenda matiti nusu mzunguko, kisha hatua za kawaida nne au tano tu, halafu matiti tena, na hivyo hivyo. Zile hatua zinapunguzwa ziwe tatu, baadaye mbili, mpaka ifike siku ambayo mpandaji anaomba hatua za kawaida na, farasi anapokusanya miguu tayari kushuka, anamwambia endelea. Hapo bila mtu kutambua wamekwisha kufanya kile ambacho wakufunzi hukiita kusimamisha nusu. Ni mguso wa nukta moja: mpandaji anaketi kwa kina, anafunga miguu, anafumba vidole, anafumbua. Ni dereva anayegusa breki kabla ya tuta, wala hakukusudia kusimama.

Baada ya hapo hufuata kutoka matiti kuingia shoti ndogo na kurudi, na baadaye sana, kutoka hatua za kawaida moja kwa moja hadi shoti ndogo. Hili la mwisho halina njia ya kudanganya. Farasi asiyebeba kwa nyuma hawezi kuliinua, atakimbiakimbia kwanza. Kuna jambo jingine ambalo mpandaji huhitaji kuliangalia. Farasi ana kumbukumbu kali. Ukimbadilisha mwendo mahali pale pale kila siku, wiki ya pili atabadilisha mwenyewe kabla hujamwambia, nawe utajisifu kuwa amekuelewa, kumbe amekariri kona ya uwanja. Kwa hiyo mahali panabadilishwabadilishwa.

Na kwa nini nasisitiza habari ya kinywa? Lijamu hulala juu ya ulimi na juu ya sehemu ya taya isiyo na meno, kati ya meno ya mbele na magego. Pale mfupa umefunikwa na ngozi nyembamba tu. Mtu mzima akining'inia kwenye hatamu, maumivu yanafika hapo. Farasi hujilinda kwa kukaza taya, taya ikikaza shingo inakaza, shingo ikikaza mgongo unakuwa ubao. Yaani yule anayevuta ili kupata unyumbufu ndiye anayeufukuza.

Ushahidi mzuri kuliko wote kwamba nguvu si kitu hapa ulitoka Denmark. Mwaka 1944 mwanamke aitwaye Lis Hartel alipatwa na polio akiwa mjamzito. Alipona, lakini alibaki amepooza kuanzia magotini kwenda chini. Ilibidi asaidiwe kupanda na kushuka. Mwaka 1952, katika Olimpiki ya Helsinki, ambayo ndiyo ya kwanza wanawake kuruhusiwa katika dresaji, alishindana na wanaume, wengi wao maofisa wa jeshi, akapata medali ya fedha juu ya farasi wake Jubilee. Miaka minne baadaye akaipata tena. Miguu yake haikuweza kubana wala kupiga. Alizungumza na farasi kwa uzito wa mwili, kwa mgongo na kwa mikono iliyotulia.

Wengine hawana subira hiyo. Fedha zimeingia katika mchezo, farasi wachanga wanauzwa kwa bei za nyumba, na mnunuzi anataka kuona miujiza mapema. Hapo ndipo zilipoenea mbinu za kulikunja shingo la farasi mpaka kidevu kinakaribia kifua. Mwaka 2009 ilisambaa video ya farasi katika mazoezi akiwa amekunjwa hivyo, ulimi umegeuka rangi ya buluu. Mwaka uliofuata Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi lilitangaza kuwa kukunja shingo kwa nguvu hakukubaliki. Halafu, Julai 2024, siku chache kabla ya Olimpiki ya Paris, Charlotte Dujardin wa Uingereza, mwenye medali sita za Olimpiki, tatu kati yake za dhahabu, alijiondoa baada ya kutokea video ikimwonyesha akimchapa farasi miguuni kwa mjeledi mrefu alipokuwa akimfundisha mwanafunzi. Aliomba radhi hadharani. Alifungiwa mwaka mmoja na kutozwa faini ya faranga 10,000 za Uswisi.

Jambo hili lilinishangaza kwa sababu huyu hakuwa mbumbumbu. Farasi wake Valegro alisifiwa na ulimwengu mzima kwa wepesi. Tangu hapo wako wanaouliza waziwazi kama mchezo huu unastahili kubaki katika Olimpiki, na viongozi wake hawawezi tena kujibu kwamba watu wa nje hawaelewi. Xenophon, mwanajeshi wa Ugiriki ya kale, aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba farasi anayelazimishwa hana uzuri, kama vile mchezaji ngoma anayechapwa asivyokuwa nao. Kwa hiyo kisingizio cha kutojua hakipo.

Sisi watazamaji nasi tunaweza kuelewa bila kusomea. Safari nyingine mchezo huu ukionyeshwa, usitazame miguu inayorushwa juu, maana hiyo ndiyo inayopumbaza macho. Tazama mkia: ukipepea kwa utulivu, mgongo umelegea, ukichapa kushoto na kulia bila nzi, liko jambo. Tazama pua: iwe mbele kidogo ya mstari unaoshuka wima kutoka kwenye paji la uso, si nyuma yake. Tazama kinywa kama kimefumba au kinahangaika kumkimbia mtu. Kisha ngoja pale anapobadilisha mwendo, uhesabu hatua mbili za kabla na mbili za baada. Na mwishoni, mpandaji anapoziachia hatamu ziwe ndefu ili atoke uwanjani, angalia farasi anafanya nini na shingo yake. Aliyefanyishwa kazi vizuri huinyoosha mbele na chini, polepole, anapuliza pua, anatoka kwa hatua pana. Aliyekuwa amebanwa huzinyakua hatamu kwa nguvu, au hubaki amejikunja vile vile kana kwamba bado ameshikwa.